Chandarua cha Rukia Kimeondoka na Mjomba

Jamani, leo nimeona chandarua cha mwanangu kikitoka mlangoni, kwapani mwa mgeni.

Nawaandikia nyote kwa kompyuta ya ofisini kwangu. Rukia yuko wodini na mamake, na wanaume tumetolewa nje.

Chandarua chenyewe ndicho kile tulichokichovya dawa ya mbu kliniki. Mtoto ana miaka miwili.

Mjomba alipokuja kutoka Lamu, mama yangu alisema kaka yake hawezi kuachwa aumwe na mbu. Basi mjomba akapewa kitanda pamoja na chandarua, Rukia akalazwa mkekani na bibi yake.

Wiki nzima. Kwetu Kuze, hapa Mombasa, utasemaje mbele ya mgeni?

Leo asubuhi mjomba akawa anaaga.

"Dada, chandarua kizuri kile! Sikusikia hata mlio wa mbu."

Nikajua kimekwenda. (Si mwajua kwetu, mgeni akisifu kitu, lazima apewe!)

"Chukua, kaka," mama akasema. Akakifungua na kukikunja mwenyewe.

Mimi nimempakata Rukia, tangu alfajiri anatetemeka, mwili moto kama kaa. Nangoja mgeni atoke ndipo nimkimbize hospitali.

Adabu hizi zitatuua.

Mlangoni mjomba akamgusa mtoto usoni. Akashtuka kweli, maskini.

"Ana homa huyu! Mtafutieni chandarua, mwanangu. Mbu wa Mombasa wabaya."

Chenyewe kiko kwapani mwake.

Niambieni, nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilisema, "Inshallah, mjomba."