Diski Mbili, Namba Moja

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ya sendofu ya Kabula pale Somanda, nilipoletwa kama fundi wa video, nilitamani sakafu ya ukumbi inimeze mimi na kompyuta yangu.

Kabula alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, na mama huyo akicheza ngoma amebaki kwenye video moja tu, ndani ya diski yangu kuukuu iliyokuwa imeanza kukwaruza. Asubuhi hiyo nikafunga diski mpya pembeni yake, nikaifomati ikawa tupu kabisa, na kwa uvivu wangu (mimi niliuita utaalamu) nikaipa kwa mkono namba ya utambulisho ileile ya diski ya zamani, ili kompyuta iifungue kama ilivyozoea nisihangaike kubadili mipangilio. Video nitahamisha kesho, nikajisemea, nikabeba mashine na diski zake zote mbili, huyo ukumbini.

MC akatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa tunamwona mama, mapazia yakashushwa, nikabonyeza, na pale ukutani, mbele ya ukoo mzima, yakatokea maandishi: "Folda hii haina kitu." Nikazima, nikawasha, haina kitu. Nikaropoka, tena karibu na maiki, "Mungu wangu, imefutika!" Kabula akaangua kilio, na mjomba wake akauliza kwa sauti nani kamleta fundi huyu. (Ni yeye aliyenileta.)

MC akataka kumtuliza binti. "Kabula, njoo mbele mama."

Wakainuka wawili, binti na bibi yake mzaa mama aliyetoka Lalago, maana mjukuu alipewa jina la bibi.

"Si mmeniita?" bibi akasema.

Hapo akili ikanirudia. Kompyuta nayo iliita namba moja, zikaitika diski mbili, ikashika ile tupu!

"Haondoki mtu hapa," nikasema huku jasho linanichuruzika, nikatoa bisibisi, nikafungua mashine mbele ya watu, wengine wananizomea, nikaing'oa diski mpya, nikawasha.

Mama akatokea ukutani, anacheza. Bibi akasogea mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha, kamshika mjukuu mkono.

"Mwone. Mabega yako hayo."

Kisha akanigeukia, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja gete, mwanangu."

Sitarudia. Watu wa jina moja huulizana nani kaitwa, mashine haiulizi, kwa hiyo siku hizi kila diski naiacha ipewe namba yake yenyewe. Na ile video niliihamisha kesho yake, nakala ya kwanza nikaitia kwenye flashi, nikaipeleka mwenyewe Lalago kwa bibi. Kompyuta hana. Flashi kaifunga kwenye kanga, kaiweka sandukuni.