Sindano Mbili za Mtoto wa Thắm

Thắm alivijua virusi vya homa ya ini B kuliko alivyowajua majirani zake. Katika maabara moja ya mji wa Cần Thơ, Vietnam, wenzake walihangaika na mafua, ya watu na ya bata. Yeye alikuza seli za ini na kuangalia virusi vikizivamia. Nyumbani hakusema neno. Virusi hivyo hivyo vilikuwa mwilini mwake tangu kuzaliwa. Alivipata kwa mama yake, aliyekufa kwa saratani ya ini.

Khang, mumewe, aliambiwa kabla ya ndoa. "Mimi sina neno," alisema, "ila mama asisikie. Atakutengea vyombo, utakula peke yako mpaka uzeeke."

Ujauzito ulipokua, Thắm alianza kumeza dawa ya kuvipunguza virusi. Mama mkwe wake, bibi Sáu, aliambiwa ni vidonge vya kuongeza damu.

Akajifungua binti asubuhi moja, Khang yuko njiani na lori la matunda. Bibi Sáu alikuwa amempakata mjukuu wakati muuguzi alipokuja na sindano mbili.

"Hapana," bibi akasema. "Mjukuu wa jirani yangu alichomwa hivi hivi, hakufika kesho yake. Ngojeni anenepe kwanza."

"Bibi, hizi hazingoji."

"Nimelea watoto sita. Hakuna aliyechomwa akiwa mbichi namna hii."

Muuguzi akamtazama Thắm. Alijua sababu, ila haikuwa yake kuisema. Kina mama wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama. Thắm aliwaza damu yake iliyomgusa mtoto wakati wa kuzaliwa, na muda unavyokwenda.

"Mama," akasema, "mimi nina homa ya ini B."

Bibi Sáu akamvutia mtoto kifuani. Thắm akaendelea.

"Mafua yanakutesa, halafu mwili unayafukuza. Hivi vyangu vinaingia mpaka kwenye kiini cha seli ya ini, mahali ambapo mwili huweka maagizo yake ya kazi, vinaficha humo agizo lao, limejikunja kama pete. Seli inalisoma ikidhani ni lake, inatengeneza virusi vipya. Dawa ninayokunywa inapunguza hivyo vipya, pete haiitoi. Kwa mtoto mchanga vikishafika huko, mara nyingi havitoki tena. Sindano moja inavikamata vikiwa bado kwenye damu, nyingine inaufundisha mwili wake kujilinda."

"Khang anajua?"

"Anajua."

"Kumbe mjinga ni mimi peke yangu." Akaufunua mguu wa mtoto kwa mkono wake mwenyewe. "Haya, choma, kabla sijabadili mawazo."

Nyumbani bibi alitenga bakuli la Thắm, ingawa Thắm alimweleza kwamba homa hiyo haiambukizwi kwa chakula. Wiki zilipita hawaongei ila kuhusu mtoto. Hata hivyo, chanjo zilizobaki bibi hakukosa hata moja. Alimpeleka mjukuu hata mvua ikinyesha.

Mtoto alipokaribia mwaka akapimwa. Thắm, aliyezoea kusoma majibu ya watu asiowajua, alishindwa hata kumtazama daktari usoni.

"Hana virusi," daktari akasema. "Na kinga anayo."

"Rudia," bibi Sáu akasema. Daktari akarudia.

Bibi akakunja mkono wa nguo yake. "Basi na mimi nipimeni. Mama yangu alikufa tumbo limejaa maji. Tukasema karogwa, kumbe huenda ni ini."

Thắm akamhamishia mtoto bega la pili, akakaa karibu na mama mkwe wake wakati damu ikitolewa.