Mguu wa Kushoto

Nikishika mkaa kuchora, harufu yake hunirudisha Temeke, uani kwa bibi yake rafiki yangu. Tulikuwa watoto. Nilikuwa nimechora ukutani jamaa mwenye kichwa kama fenesi, nikamvalisha kaptula ya mwenzangu, ile yenye viraka makalioni. Chokaa ilikuwa mbichi bado, inang'ang'ania vidoleni.

Bibi akatoka jikoni na mwiko. "Nani kachora kiumbe nyumbani kwangu? Siku ya kiyama mtaambiwa mkitie roho. Mtaweza?"

Nikaanza kulia. Rafiki yangu akaufuta mguu wa kushoto kwa kiganja, kuanzia gotini kushuka. "Si mtu kamili huyu, bibi. Hadai roho."

Bibi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Jamaa akabaki hivyo hivyo. Kakua nasi: kaota ndevu, kaota kitambi, kaoa, kaachwa, kila wiki namchora katika katuni ya gazeti akirukaruka kwa mguu mmoja, na watu wanamcheka.

Jana nilikwenda kumwona rafiki yangu. Chumba kinanuka dawa ya vidonda. Sukari imeondoka na mguu wake wa kushoto, kuanzia gotini. Gazeti nililificha kwapani, akalidai. Alimtazama yule jamaa muda mrefu, hakucheka.

"Mwanangu, mmalizie mguu."

"Na bibi je?"

"Bibi keshakufa. Mmalizie, bwana. Angalau mmoja wetu atembee."

Nimeshika mkaa tangu asubuhi. Jamaa nimemchora mpaka goti la kushoto.