Kuku wa Sinema ya Kichina

Rafiki yangu, juzi nimeingia ukumbi wa chuo kikuu kule Braamfontein, hapa Johannesburg, wanaonyesha filamu za zamani za Kichina bure, nikaukuta utoto wangu umo kwenye skrini. Mimi mhitimu wa shule ya jioni, siku hizi maandishi ya chini ya picha nayamaliza kabla mwigizaji hajafumbua mdomo! Ila filamu hii niliijua bila maandishi. Niliiona mtaani kwetu Malvern, tuseme mara elfu moja, kila Jumapili tukitoka kanisani.

Chumba kimoja, watu mia, nusu wamekalia nusu. Jikoni bibi yangu anasonga bugali, harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, imetujaa puani. Jirani yetu, Mtanzania wa Tanga aliyewahi kufagia duka la Wachina, alisimama kando ya televisheni akitutafsiria. Kichina chake kiliishia kwenye salamu.

Kuna mahali mama mmoja anasimama kwenye kijiji kilichoungua. Anaita, ananyamaza, anaita tena.

"Huyo anaita kuku wake waje kula," jirani alisema. "Kuu, kuu, kuu!"

Tulicheka mpaka Jules Street nzima ikatikisika.

Jumapili moja bibi, aliyekuja na mama kutoka Kivu, Kongo, akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kuku haiitwake vile," alisema. "Kuku, haumungoje aitike."

"Eish, bibi! Kichina umejifunza lini?" jirani alimtania.

Bibi akarudi kwenye sufuria yake. Wiki nzima, mimi mjinga nilimfuata nyuma nikiita kuu, kuu. Hakunifokea. Kila nilipoita, alisimama kidogo.

Sasa Braamfontein maandishi yakapita: wanajeshi wameondoka, mama anaita wanawe. Majina matatu. Mimi mwenye mdomo kama tarumbeta, niliyarudia moja moja kwa mnong'ono.

Nilipotoka nikampigia mama yangu. Nikamuuliza, bibi alikuwa na watoto wengine?



"Kaka zangu," mama akasema. "Wawili, ao watatu. Mimi nilikuwa mgongoni mwake tukikimbia. Majina alikuwa nayo yeye. Acha hiyo, mwana. Umekula?"

Bibi tulimzika hapahapa Johannesburg. Jirani amerudi kwao, na chumba chetu sasa ni saluni. Majina ya wale watoto wa Kichina nimeyashika, niamshe usingizini nitakutajia yote. Ya wajomba zangu sijui hata moja.