Siku Ngozi ya Mama Ilipokauka

Harufu ya udongo mbichi ukishika moto hunirudisha utotoni, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako mama yangu alifinyanga vyungu. Zilikuwa zama za Wadachi, na baba alikuwa amerejea majuzi kutoka safari ya kuwabebea mizigo, mabega yake yakiwa na vidonda vibichi. Msimu ule mvua za kwanza zilisuasua. Hewa ilisimama, jani la mgomba halikutikisika, nasi tulishinda tumelowa jasho lisilokauka.

Siku moja mama aliona mawingu yakijikusanya milimani, akaamua kuchoma vyungu kabla mvua haijaviharibu. Tangu asubuhi alizunguka moto akiongeza kuni na matete, bila kunywa hata tone la maji. Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Mama hakukifikia kivuli. Adhuhuri aliniita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa, kisha akaanguka. Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu, wa moto kama figa, naye muda mfupi kabla alikuwa akitiririka jasho.

Bibi, mama yake baba, alisema ni homa. Alikuja na mikeka na nguo zote za nyumbani.

"Mfunikeni atoke jasho," aliagiza.

Baba alizitupa kando. "Hapana, mama. Njiani nilimwona mwenzetu akikauka hivihivi chini ya mzigo. Tulimfunika. Jioni haikumkuta."

"Ukimmwagia maji utamwua!"

"Basi nitakuwa nimemwua mimi."

Alimbeba hadi kivulini mwa nyumba, akanituma ziwani. Sijui nilikwenda mara ngapi. Nilichota, baba akammwagia. Kisha nikapepea kwa ungo hadi mikono ikafa ganzi. Bibi alisimama mlangoni akilia bila sauti, na kila nilipopepea niliogopa kwamba labda yeye ndiye mwenye haki, na kwamba ni mimi ninayempeleka mama kaburini.

Jua lilipoinama, mama alifumbua macho, akauliza habari za vyungu. Bibi alimsogelea baba, akamshika mikono yote miwili. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru.

Leo mjukuu wangu ni muuguzi wa zahanati. Ananieleza kwamba jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto la mwili. Hewa ikijaa unyevu halikauki, na mwili ukiishiwa maji jasho hukoma na joto hubaki ndani. Husema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali. Namwamini. Hata hivyo, mtoto akilala mchana wa joto nyumbani kwangu, mkono wangu hutangulia mgongoni mwake kutafuta umajimaji wa jasho, nao hautoki hapo mpaka niupate.