Selina agoma kuruka milango iliyofungwa Buswelu

Saa nne asubuhi, Selina Malimi anabisha hodi kwenye nyumba iliyo juu ya mawe, Buswelu, jijini Mwanza. Kimya. Mlango una kufuli.

Simu yake inaita. Ni msimamizi wake, Alexander. "Hakuna mtu? Ruka, chukua jirani aliyepo. Mwongozo unaruhusu, na tuna siku tano tu."

"Siruki, bosi," anajibu Selina, kisha anaketi juu ya jiwe, kishikwambi mapajani.

Selina (31), mama wa watoto wawili, ni mdadisi. Hupita kwenye kaya na dodoso akiuliza watu wanaishije. Hulipwa Sh30,000 kwa siku ambazo kazi ipo, na asipofikisha kaya nane hukatwa. Kwa kukaa hapa, leo atakatwa.

Chanzo cha ugomvi huu ni cha mwaka jana. Mradi mmoja wa maji ulitaka kujua ujenge wapi vituo vya kuchotea. Mtaa una kaya 1,240, na kwa kuwa zote zisingefikiwa, zilichaguliwa 100 kwa bahati nasibu zisimame badala ya mtaa mzima. Hiyo ndiyo sampuli. Kilichotafutwa ni kigeu kimoja, yaani jambo linalotofautiana kati ya kaya na kaya: maji ya kunywa yanatoka wapi.

Wadadisi walipita saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Wakikuta kufuli, waliruka kwa jirani.

"Sikujiuliza mwenye nyumba yuko wapi," anasema Selina. "Mwenye bomba yuko nyumbani anafua. Asiye na bomba yuko bondeni na ndoo, anapanga foleni. Nilimruka huyo, nikaandika mwenye bomba mahali pake. Kaya 37 kati ya zile 100 tulizibadilisha hivyo."

Ripoti ikasema asilimia 84 ya mtaa wana maji nyumbani. Vituo vikapelekwa kwingine.

Yaani watu walifutwa kwenye hesabu ya maji kwa kosa la kwenda kutafuta maji! Inaudhi. Na inaudhi zaidi kwamba hakuna aliyeiba wala kudanganya. Kila mtu alifuata mwongozo, akasaini, akaenda kula.

Selina aliujua ukweli kwenye mkutano wa mtaa, matokeo yaliposomwa. Rebeka Luhende (58) alisimama, akamnyooshea kidole.

"Wewe binti, ulikuja kwangu saa ngapi? Ziwa naliona pale chini kila siku, maji ya bomba sijawahi kuyaona. Hiyo asilimia yenu ilipita wapi?"

Watu walicheka. Selina hakucheka. "Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Mama yangu anauza dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Mnunuzi mjanja hachukui kiganja cha juu ya gunia, anazamisha mkono mpaka chini. Mimi niliyesoma nilichukua cha juu!"

Wananchi walilalamika, mradi ukaagiza utafiti urudiwe. Orodha ni ileile ya kaya 100. Lakini mwongozo nao ni uleule, na saa ni zilezile.

Ndiyo maana Selina ana daftari. Kila kufuli analiandika, na saa aliyolikuta. Ijumaa analipeleka kwa wakuu wa mradi akiwa na ombi moja: kaya isibadilishwe kabla ya kufuatwa mara tatu, mojawapo jioni.

"Wakinifukuza, wanifukuze na daftari wamelisoma," anasema.

Saa sita kasorobo, mwenye nyumba anapanda mawe akiwa na ndoo kichwani. Ni Rebeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe bado upo?"

"Nakusubiri wewe."

Rebeka anatua ndoo, anafungua kufuli, anamchotea mgeni kikombe cha maji kabla ya lolote. Selina anakishika kwa mikono miwili, macho yamemlowa. Kisha anawasha kishikwambi na kuuliza swali la kwanza: kaya hii inapata wapi maji ya kunywa?

"Andika bondeni, saa mbili nzima kwenda na kurudi," anasema Rebeka. "Halafu waandikie na hili. Mwaka jana pia tulikuwepo."