Bakuli la Kwanza Mtoni Simiyu

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu na mizani zao, sikumwamini mgeni yeyote. Mmoja wao aliitaka mbuga yetu ya mpunga kando ya mto Simiyu ili ajenge ghala. Nilikataa. Wiki hiyohiyo akaja mtu na baiskeli kutoka upande wa Kimali, akasema ni ndugu yangu.

"Mwangaluka, kaka!" alinisalimu kwa Kisukuma.

"Kaka wa wapi?" nilimjibu.

Alisema babu yake alikuwa mdogo wa babu yangu, na kwamba nusu ya mbuga ile, waliyokuwa wakiiendea pamoja, ni fungu lao. Mke wangu alimpa ugali na mlenda. Mimi nilimtazama kila tonge, nikiwa na hakika kwamba mnunuzi ndiye aliyemtuma.

Ni kweli marehemu baba alitusimulia jinsi wazee hao wawili walivyohama wakati wa ukame, wakiswaga ng'ombe kuufuata mto. Mvua iliwakuta njiani. Mkubwa alivuka, mdogo akabaki ng'ambo akingoja maji yapungue. Hayakupungua upesi, naye akafuata ukingo kwenda juu ya mto kutafuta malisho. Hawakuonana tena. Lakini hadithi hiyo kila jirani aliijua. Mtu angeipata kwa soda moja.

Nilisali, nikamwomba Mungu anionyeshe uongo wa mtu huyu. Sikumwomba anionyeshe ukweli.

Asubuhi nikamwambia, "Ng'ombe wana kiu. Twende ukanisaidie kuchimba."

Ilikuwa kiangazi, mto mzima ni mchanga. Tulichimba hadi kiunoni, maji yakaanza kuchuruzika. Nikachota bakuli la kwanza nikampa, kama mwenyeji yeyote angefanya. Midomo yake ilikuwa imekauka. Hakunywa. Aligeuka akatazama kundi.

"Ndama yuko wapi?"

"Kunywa bwana, umechoka."

"Kaka, unanijaribu au umesahau? Wa kwanza ni ndama."

Nilimpelekea ndama bakuli lile. Kwetu, maji ya kwanza ya kisima kipya hupewa ndama, tangu kabla wazee hawajaachana. Baba alipobatizwa aliogopa mchungaji angesema ni upagani, akatukataza kulitaja jambo hilo. Mtu akituona, tulisema tu kwamba ndama ana kiu.

Hata hivyo nilirudi nyumbani nikamhoji mke wangu.

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Nimwambie nini? Nimezeeka katika mji huu na sijui mnafanya nini huko mtoni!"

Niliwaita wazee wa kanisa, tukaipima mbuga kwa kamba, nusu kwa nusu. Siku hizi wanaotafuta koo zao huniuliza majina ya vijiji. Vijiji vilihamishwa, majina yakabadilishwa. Mimi huwaambia waulize wazee wao walikunywa maji ya mto gani, walivuka wapi, na nani alikunywa kwanza. Namshukuru Mungu aliyenivumilia hadi nikaliona hilo mimi mwenyewe.

Lakini nisijisifu. Msimu wote wa mpunga uliofuata nilipita mbugani kila asubuhi, nikijidai natafuta ng'ombe aliyepotea, kuona kama matofali ya ghala yameshushwa upande wake. Siku moja ndugu yangu alinyoosha mgongo katikati ya mpunga, akacheka.

"Kaka, ng'ombe wako huyo hupotea kila siku?"

Nilivua viatu, nikaingia kumsaidia kupalilia.